Nilipamba Chumba, Wakaniletea Mume

Nilifedheheka, nakubali, tena mchana kweupe, tena mbele ya watu ambao nusu yao nilikuwa nasalimiana nao kila asubuhi kwenye foleni ya choo, na lau si yule mwanamke aliyenirekodi kwa simu ningekaa kimya mpaka kaburini, lakini kile kipande cha video kinatembea na kila anayekipata anakitia maneno yake, kwa hiyo bora nikisimulie mwenyewe, na mnivumilie nikipandisha sauti, maana hasira zangu bado mbichi.

Siku yenyewe ilianzia kwenye asubuhi nyengine, wiki mbili kabla, nilipotoka nyumbani bila mpango wowote. Mimi ndivyo nilivyo. Skuli niliiacha kidato cha pili kwa sababu kila mwalimu alipotaja kitu mimi nilitaka niende nikakione, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kwenda kuona: nimevuna mwani, nimeosha vyombo hoteli za mashariki, nimetembeza wageni mashamba ya viungo (niliwahi kuwaonesha Wajerumani kumi na mbili mti wa mdalasini nikiapa ni karafuu, nao wakaandika), nimeolewa Donge na nikaachwa huko huko Donge, na kote nilikopita begi langu lilikaa mlangoni. Wakati huo nilikuwa nafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe, na nimepanga chumba Ng'ambo kwa Bi Kazija, mjane mwenye nyumba ya vyumba sita na ua mmoja katikati. Chumba chenyewe kilikuwa kama sanduku: dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, chokaa inayokufuata ukiiegemea, mlango uliopinda usiokaa mpaka uutie komeo, na kitanda cha chuma kinacholia ukikigusa. Lakini kilikuwa changu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikajikuta nawahi kurudi nyumbani. Begi nikalisukuma uvunguni. Mnaonijua mnaelewa hilo lilikuwa jambo kubwa kiasi gani.

Bi Kazija siku ya kunipa ufunguo alitaka vitu viwili tu, namba ya simu ya baba yangu, na ahadi kwamba mgeni mwanamme ataishia uani. "Nyumba yangu haijapata kusemwa," aliniambia, "na haitoanza kusemwa kwako." Nikamwambia naam. Sikuwa na mgeni mwanamme wala mwanamke.

Basi asubuhi hiyo ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikashika njia tu, nikakata vichochoro, na nyuma ya soko nikamkuta mpambaji wa maharusi anasafisha stoo yake, magunia yamerundikwa nje. Mimi nikiona gunia lazima nijue lina nini. Lilikuwa na vitambaa vya satini, vyeupe na rangi ya damu ya mzee, vile vinavyotundikwa nyuma ya kiti cha biharusi, vimetobolewa na mishumaa hapa na pale na vinanuka pilau la mwaka juzi. Nikamkalisha yule mpambaji karibu saa nzima kwa maswali: mikunjo inakaaje bila kushonwa, dari inavishwaje, pini zinapigwa wapi ili zisionekane, naye akanieleza kila kitu (watu hufurahi sana kuulizwa kazi yao, sijui kwa nini wengine hawaulizi), na mwisho akaniachia gunia zima kwa bei ya pazia moja. Hapo ndipo nilipokosea. Ningenunua pazia moja la maua nikaenda zangu, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Kwa sababu pambo halikubali kukaa peke yake. Nikatundika kitambaa cheupe dirishani, ukuta ukaonekana mchafu, nikatafuta mabaki ya rangi kwa fundi wa jirani, akanipa ya waridi, nikapaka kuta mbili usiku na mbili asubuhi. Kuta zilipong'ara, boriti za dari zikaanza kunichukiza, nikapanda juu ya kitanda nikazivisha satini kama hema, kutoka katikati kuja pembeni, mikunjo yangu ikikaa sawasawa kama alivyonifundisha yule bwana. Nilikuwa nikitoka kazini napita nasimama mlangoni natazama tu. Mimi, niliyekuwa nalala juu ya maboksi Paje.

Chumba cha mkabala wangu alikaa Mwatima, mwanamke anayekaanga kachori mlangoni kwake tangu Alasiri, mafuta yanaruka kote isipokuwa machoni mwake, maana macho yake yako kwenye milango ya wenzake. Siku moja akaja na sahani mkononi, akachungulia, akasema, "Eh, Zuwena, mbona kama chumba cha biharusi?" Na mimi kwa furaha ya kusifiwa nikamjibu, "Kizuri, eh?" Basi. Hayo ndiyo maneno niliyosema. Swali lake sikulijibu, nilijibu ile sifa, na yeye akaondoka na jibu alilolitaka.

Chini ya gunia kulikuwa na taa, zile ndogo ndogo za kwenye waya mrefu. Nikazichomeka, nusu zikawaka, nusu kimya. Mtu mwengine angeridhika na nusu. Mimi nikataka kujua kwa nini nusu. Nikamwita Fundi Mcha, fundi umeme mwenye kibanda chake kona ya mtaa, mtu wa makamo, mpole, ambaye kabla ya siku ile tulikuwa tumezungumza mara moja tu, kuhusu pasi. Akaja asubuhi, kama saa nne. Bi Kazija hakuwapo, alikuwa kaenda kumtazama mgonjwa. Nikajiambia fundi si mgeni, fundi ni fundi, na nikauacha mlango wazi kabisa ili nyumba isisemwe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa kila kitu kina sababu yake, na sababu zote ni za kheri. Vile vitambaa, nimesema, vilinuka pilau, kwa hiyo nilikuwa nimewasha udi kwenye chetezo tangu alfajiri. Gunia nilikuwa nimelikung'uta kitandani nitafute kipande cha waya, likamwaga maua ya waridi ya plastiki, majani yake mekundu yakatapakaa shuka zima, nikaona nitayaokota baadaye. Fundi Mcha alipanda juu ya kitanda ili afike darini, kitanda kikaanza kulia. Na kulikuwa na joto, kwa hiyo aliomba radhi akavua shati, akabaki na fulana ya ndani. Mimi chini nimeshika waya, namuuliza.

Akanieleza kwamba taa hizi zimeshikana mikono, mmoja akiachia, wenziwe walio nyuma yake wote wanalala, na kwamba kuna nyengine si nzima wala si mbovu, zinawaka kwa unyonge, na hizo ndizo zinazoua waya mzima, ila mwangaza wa mchana hauzioneshi. Nikamuuliza gizani zingeonekana? Akasema zingeonekana. Basi nikainuka, na nasema mimi, si yeye, nikaangusha pazia la dirisha, nikasukuma mlango, na kwa kuwa mlango ule haukai, nikautia komeo.

Dakika ngapi, sijui. Kitanda kililia. Fundi alisema "shika hapo hapo, usiachie." Akapima waya kwa testa yake, akabana mmoja, akabadilisha taa ya pili, na ghafla dari yote ikawaka, kila mkunjo una nyota zake, na kuta zangu za waridi zikawa kama ndani ya kombe la baharini, na mimi kwa furaha nikasema kwa sauti, nikivuta pumzi, "Alhamdulillah."

Hodi ilipigwa kabla sijafunga mdomo. Haikuwa hodi ya mtu mmoja.

Nikafungua. Mwatima yuko mbele, nyuma yake wanawake wa vyumba vyote na wengine nisiowajua, na katikati yao Bi Kazija bado na buibui lake, alikuwa kafuatwa huko huko kwa mgonjwa. Moshi wa udi ukatoka ukawapitia usoni. Wakaona dari, wakaona taa, wakaona maua mekundu juu ya shuka, wakamuona Fundi Mcha kasimama juu ya kitanda changu na fulana, jasho linamtiririka.

"Bi Kazija," nikasema, "huyu nimemwita kwa ajili ya taa."

"Na taa imewaka," akasema Mwatima, "sote tumeiona."

Wakacheka. Bi Kazija hakucheka. Alitazama dari pole pole, pembe hadi pembe, kisha akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, mtu hapambi chumba namna hii kwa ajili ya kulala peke yake." Akageuka akamwambia mmoja wa wale wanawake: "Tandikeni mkeka."

Nyote mnaujua mkeka wa namna hiyo. Mwanamme na mwanamke wakikutwa chumbani na mlango umefungwa, watu hawasumbuki na mahakama, mkeka hutandikwa, huitwa mwenye kuoza, na kabla chai haijapoa mmekuwa mke na mume na nyumba imesalimika na maneno. Nimeusikia tangu utotoni na nilikuwa nacheka. Uani kwa Bi Kazija walitandika mkeka mpya, wa rangi, na nadhani hilo liliniudhi kuliko yote, kwamba ulikuwa mpya, mtu aliutoa sandukuni kwa furaha.

Maalim wa chuo cha Kurani cha pale mtaani akaletwa, kawaacha wanafunzi wake wanapiga kelele kiasi cha kusikika mpaka pale, na muda wote anatazama saa. Mimi naeleza. Nilieleza taa zinavyoshikana mikono, nilieleza udi, nilieleza pilau la mwaka juzi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo, maana mtu mwenye haki, kumbe, haelezi sana. Fundi Mcha naye alianza vizuri. Alionesha koleo lake, alionesha taa mbovu mbili kiganjani. Lakini Maalim alipomuuliza kama yuko tayari kumuoa binti huyu ili aibu iondoke, yule bwana, Mungu amsamehe maana mimi sijaweza, aligeuza shingo akakitazama chumba changu kupitia mlangoni, dari, kuta, taa zinameta, akasema:

"Mie mke ninaye, yuko Fuoni. Lakini kama wazee wameona hivyo, sina pingamizi. Chumba chenyewe kishapambwa."

Kishapambwa! Mikono yangu ilikuwa bado ina rangi ya waridi kwenye kucha. Nilitamani nikichukue kile chetezo nimrushie.

Bi Kazija akapiga simu kwa baba, Donge, akaiweka sauti ya nje ili kila mtu asikie. Baba yangu na mimi tulikuwa hatujasemezana tangu niachwe, kwa sababu alinitaka nirudi kwa mume niombe radhi, na nilipouliza radhi ya kosa gani akakata simu. Maalim akajitambulisha, akasema, "Khatib, nataka kumuoza binti yako Zuwena kwa niaba yako. Unaniwakilisha?"

"Nimekuwakilisha," akasema baba. Hata pumzi hakuvuta. Kisha akauliza, "Huyo mwanamme anaitwa nani?"

Nimewahi kutukanwa, nimewahi kufukuzwa kazi, nimewahi kulala njaa, lakini sijawahi kuhisi kitu kama ule mpangilio wa maneno, ruhusa kwanza, jina baadaye. Watu wakaguna kwa kuridhika. Mtu akaanza kigelegele akanyamazishwa, kwamba bado.

Maalim akachutama kwenye mkeka, akanitazama kwa mara ya kwanza, akauliza kama mtu anayejaza fomu, "Uliwahi kuolewa?"

Nikasema nimeolewa, nimeachwa, eda nimekaa na nimeimaliza.

Akakunja uso. Hakunikunjia mimi, alionekana kama mtu aliyegundua kasahau ufunguo nyumbani. "Basi huyu si mwari," akawaambia. "Mwari akinyamaza ameridhika, na babake anatosha. Huyu lazima aseme kwa kinywa chake." Bi Kazija akataka kujua kama hakuna njia nyengine. Hakuna, akasema Maalim, na akatazama saa.

Nikakumbuka Donge. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimefunikwa kanga kichwani, mtu akaniuliza kitu kwa Kiarabu na Kiswahili, nami nikanyamaza, na nje wakapiga vigelegele kwa huo ukimya wangu. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo kwa miaka. Lilinijia pale uani likanipanda mpaka kichwani.

"Zuwena binti Khatib," akasema Maalim, "unaridhia kuolewa na Mcha?"

"Siridhii."

"Fikiri kwanza."

"Siridhii. Na ukiniuliza mpaka Alasiri, siridhii. Taa zangu nimetengenezewa, namshukuru, aende kwa mkewe."

Hapo ndipo simu zilipoinuliwa. Baba bado yuko hewani, nasikia anaita, "Halo? Halo? Imekuwaje?" na hakuna aliyemjibu. Bi Kazija akanisogelea, akanishika mkono, na nitasema kweli, hakunishika kwa ubaya. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mjane, kwamba nyumba hii ndiyo mume wake wa sasa, ikisemwa mzazi gani atamwacha mtoto wake apange humu. "Chagua, mwanangu. Mume au njia."

"Njia," nikasema, haraka haraka, nikijiona shujaa, na neno lilipotoka tu nikajuta, kwa sababu nilikuwa nakipenda kile chumba, jamani, nilikuwa nakipenda.

Kile mnachokiona kwenye video ni kilichofuata. Nilirudi ndani, nikapanda kitandani, nikaanza kung'oa. Satini ya dari inachanika kwa sauti mbaya sana. Nilikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo maneno niliyokuwa nayasema hayasikiki vizuri, na anayesema nilimtukana Maalim anaongopa, nilimtukana Mwatima tu, tena mara mbili. Kitanda kinalia, waya za taa zimenizunguka shingoni na bado zinawaka, zinazima na kuwaka, mimi katikati kama mti wa Krismasi nyumbani kwa Waislamu, na mlango umejaa vichwa. Hapo, niliposita nivute pumzi, Fundi Mcha akapenya kwa adabu zake zote, akasema:

"Samahani dada, testa yangu imebaki kitandani."

Hicho kicheko mnachokisikia mwisho wa video ndicho hicho. Maalim mwenyewe alicheka.

Nikajaza vitambaa mikononi, vyeupe na vyekundu, waya, maua, vyote, nikatoka navyo uani nikavibwaga juu ya ule mkeka wao mpya. Rangi ya ukutani ndiyo niliyoshindwa kuing'oa, nimewaachia, na najua Bi Kazija hataifuta. Nikavuta begi langu uvunguni. Hakuna aliyenizuia, na Mwatima, huku nampita, aliuliza kama yale maua siyataki.

Niliondoka Ng'ambo jua la saa sita, sina pa kwenda, kwa mguu kwanza kwa hasira, kisha hasira ikachoka nikapanda gari la kwanza lililosimama, na nikashuka Tunguu kwa sababu tu ndipo nilipoona vijana wanatembea na vitabu, nikajisemea penye wanafunzi hapakosi vyumba. Nikaulizia. Nikaelekezwa kwa mama mmoja, Bi Pili, nimemkuta anaanua nguo. Nikamuamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionesha chumba: godoro, meza, kuta nyeupe tupu. Akauliza napika kwa gesi au kwa mkaa, maana mkaa unamchafulia dari. Nikasema gesi. Akanipa ufunguo.

Nikasimama nao mkononi. Nikasubiri. Akaendelea kukunja nguo zake.

"Huniulizi kuhusu mume?" nikamwambia, na sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

Bi Pili akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa joto. "Nimuulizie wa nini?" akasema. "Kwani yeye ndiye aliyekuja kupanga?"

Niliingia ndani nikarudishia mlango, nikakaa juu ya godoro nikalia kwa hasira, na ile ndiyo mara pekee niliyolia siku ile. Baadaye Bi Pili akabisha, akaniambia kwamba aliyetangulia aliacha misumari minne ukutani, mizima, kama nina kitu cha kutundika. Nikamwambia ahsante, sina. Nimeapa chumba cha kupanga sitakipamba tena, nimekishika kiapo changu, na kila asubuhi nikizifumbulia macho zile kuta nyeupe kinaniudhi upya, kwa sababu mikunjo yangu, nyinyi hamkuiona, ilikuwa imekaa sawasawa.